Bisil Inaweza Kumiliki Gitaa la Pedali, Ila Si Lile la Bei ya Chini Kabisa

Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akarekodi wasichana wakimwimba Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa. Nyuma ya jina hilo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimepenya hadi Bonde la Ufa na kupigwa kwenye gramafoni. Katika rekodi kadhaa za Rodgers za mwaka 1928 na 1929, kando yake aliketi mpigaji wa gitaa la Hawaii, kwanza Ellsworth Cozzens, baadaye Joe Kaipo, akitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi mpaka noti zikaungana bila pengo. Kantri ilifika Kenya mapema, na gitaa la stili lilikuwa tayari ndani yake.

Redio ikamalizia kazi. Jim Reeves, Charley Pride, Don Williams na Dolly Parton wakajulikana hadi vijiji ambavyo havikuwa na hata duka la santuri. Leo Sir Elvis na Esther Konkara wanaimba kantri kama muziki wa Wakenya, na mashabiki huvaa kofia pana na buti bila kumwomba mtu radhi. Kinachokosekana ni chombo chenyewe. Bendi nyingi huiazima sauti ya stili kwenye kinanda, na kijana anayeipenda huishia kuitazama kwenye simu.

Bisil ni mahali pazuri pa kulijadili jambo hili. Mji huo ulio kati ya Kajiado na Namanga unajulikana zaidi kwa soko lake la mifugo. Ni nchi ya Wamatapato, ambako wimbo hubebwa na koo za watu: olaranyani huongoza, na kundi humjibu kwa mngurumo wa chini unaoshikilia wimbo wote. Makanisa nayo yameongeza gitaa, besi na kinanda. Gitaa la pedali, aina ya gitaa la stili, ni chombo kinachoweza kufuata sauti ya mwimbaji katika kupanda na kushuka kwake, hata katikati ya noti. Kwaya ya Bisil ikitamani chombo hicho haijatamani kitu cha ajabu. Hatari iko kwenye ununuzi, kwa sababu gitaa la bei ya chini kabisa ndilo mara nyingi humaliza fedha za kikundi bila kutoa muziki kamili. Gharama yake ihesabiwe kuanzia kwa muuzaji hadi siku litakapolia Bisil, na mwaka mmoja baada ya hapo.

Kwanza chombo chenyewe kieleweke. Gitaa la pedali hulala juu ya miguu minne mbele ya mpigaji aliyeketi. Kwa kawaida lina nyuzi 10. Mkono wa kushoto hushika kipande cha chuma cha mviringo, chenye unene wa karibu milimita 22, kinachoteleza juu ya nyuzi. Mkono wa kulia huvaa kucha bandia, moja ya plastiki kwenye dole gumba na mbili za chuma kwenye vidole. Mguu wa kushoto hukanyaga pedali, magoti husukuma nyenzo zilizoning'inia chini ya ubao, na mguu wa kulia hutawala pedali ya sauti. Kila pedali na kila wenzo huvuta fito nyembamba, nazo fito huvuta au kulegeza uzi fulani kwa kiwango kilichopangwa. Mwaka 1954 wimbo wa Webb Pierce uitwao "Slowly" ulivuma Marekani, na ndani yake Bud Isaacs alikanyaga pedali wakati nyuzi zikiendelea kulia. Noti mbili zilihama huku ya tatu ikibaki palepale, na wapigaji wa stili wakaanza kutafuta magitaa yenye pedali.

Hapo ndipo lilipo jibu kwa wanaosema kinanda kinatosha. Kinanda cha kawaida kina gurudumu la kupinda sauti, lakini gurudumu hilo hupinda noti zote pamoja. Gitaa la pedali huacha noti moja imesimama, huku jirani yake ikipanda nusu hatua na ya tatu ikipanda hatua nzima. Sikio huitambua tofauti hiyo hata kama mwenye sikio hajui kuieleza. Kwaya inayofurahia sauti ya kinanda iendelee nacho kwa amani, maana kina kazi nyingi. Ila mpigaji anayeitaka stili asiambiwe kwamba tayari anayo.

Wapo pia wanaosema chombo hiki ni cha watu wengine. Demola Adepoju alikipiga katika bendi ya King Sunny Adé wa Nigeria, kikasikika kwenye albamu "Juju Music" ya mwaka 1982 kikiwa katikati ya ngoma za Kiyoruba, na baadaye Paul Simon akamwita kwenye "Graceland" ya 1986. Huko Marekani, makanisa ya Waafrika-Wamarekani ya House of God yamesifu kwa gitaa la stili tangu miaka ya 1930, na ndiko alikotoka Robert Randolph. Mjini Kinshasa, enzi ukiitwa Léopoldville, Zacharie Elenga alijipatia jina la Jhimmy wa Hawaii kwa mtindo wake wa gitaa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Waafrika wameshalifanya gitaa hili lao mara kadhaa, na Wamatapato wanaweza kufanya vivyo hivyo.

Sasa bei. Gitaa jipya la kuanzia, lenye nyuzi 10, pedali 3 na nyenzo 4 za magoti, kwa kawaida hupita dola 1,000. Likiwa dola 1,500, ni karibu Sh194,000 kwa kiwango cha Sh129 kwa dola, kabla ya nauli ya mzigo. Baada ya nauli kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uingizaji bidhaa na ushuru wa maendeleo ya reli. Kisha kuna vitu ambavyo gitaa halilii bila hivyo: pedali ya sauti, kipande cha chuma, kucha, nyaya, kiti kisicho na mikono, na amplifaya yenye nguvu ya kutosha kuibeba noti safi bila kuipasua. Amplifaya ya kinanda iliyoko kanisani inaweza kuanza kazi hiyo. Hayo mengine lazima yawemo kwenye hesabu ya kwanza, kwa sababu kikundi kinachochanga fedha za gitaa peke yake hupokea sanduku zuri lisilotoa sauti.

Kishawishi kikubwa ni gitaa la mwanafunzi lililotumika, lenye pedali 3 na wenzo mmoja, au lisilo na wenzo hata mmoja. Sho-Bud Maverick ni mfano wa miaka mingi. Jina la Sho-Bud ni kubwa, kwani waliolianzisha ni Shot Jackson na Buddy Emmons, na Emmons alikuwa miongoni mwa wapigaji mahiri kuliko wote. Lakini Maverick ilitengenezwa kwa anayeanza tu, na anayeanza huimaliza upesi.

Sababu iko kwenye mpangilio wa sauti uitwao E9, ambao ndio wa kantri. Nyuzi zikipigwa wazi hutoa kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya E. Pedali ya kwanza na ya pili zikikanyagwa pamoja, kodi hugeuka kuwa A palepale, bila mkono kusogea. Mpigaji akisogeza chuma mistari miwili ya noti mbele na kuendelea kukanyaga, anapata B. Hizo ndizo kodi 3 za nyimbo nyingi za kanisani, na zimepatikana kwa pedali mbili na nafasi mbili tu za chuma. Mpaka hapo Maverick inatosha. Lakini wenzo unaopandisha nyuzi za E nusu hatua, ukiunganishwa na pedali ya kwanza, hutoa kodi ya E mistari mitatu ya noti mbele, na hiyo ndiyo ngazi anayoipanda mpigaji kufuata mwimbaji juu na chini ya shingo. Wenzo mwingine hushusha nyuzi hizohizo nusu hatua, ukifungua kodi ndogo na njia nyingine za kupita. Mwingine kwa kawaida hushusha uzi wa pili na wa tisa. Mafunzo mengi ya E9, yawe ya vitabu au video, huandikwa kwa mtu mwenye pedali 3 na nyenzo 4. Mwenye wenzo mmoja hufika ukurasa fulani akakwama, na anayekwama Bisil hana mwalimu jirani wa kumwonyesha njia ya kuzunguka.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza iwe pedali 3 na nyenzo 4, bila kupunguza.

Kanuni ya pili ni shingo moja. Magitaa makubwa ya kantri yana shingo mbili, E9 upande mmoja na C6 upande wa pili, hii ya pili ikiwa ya jazi na swingi ya Texas. Yanapendeza machoni, lakini ndani ya sanduku lake gitaa la shingo mbili hupita kilo 25, na mtu atalibeba kutoka Bisil hadi Kitengela kwa matatu. Asijihisi mnyonge anayechagua shingo moja. Lloyd Green, aliyepiga na Charley Pride kwenye rekodi ambazo Wakenya wamezicheza kwa nusu karne, alikuwa bingwa wa Nashville, naye aliacha shingo mbili akabaki na E9 peke yake. Sho-Bud ikatoa modeli yake ya LDG, yenye shingo moja na mto wa kuegemeza mikono pale ilipokuwa ya pili. Kilichomtosha Green studioni kitatosha Jumapili.

Kanuni ya tatu ni kununua lililotumika, lakini kutoka kwa mtengenezaji ambaye vipuri vyake bado vinapatikana. GFI, Mullen, MSA na Williams ni majina yanayoheshimika. Stage One na Justice hutajwa mara nyingi kwa wanaoanza. Carter Starter iliyotoka Texas ilikuwa na pedali 3 na nyenzo 4 kwa bei ya chini, na bado hubadilisha mikono, ingawa kampuni imefungwa na sehemu zake za asili zinazidi kuwa adimu. Emmons ya zamani ya mfumo wa kusukuma na kuvuta ina sauti inayosifiwa sana, lakini kuirekebisha kunahitaji mtu aliyefunzwa, kwa hiyo isiwe gitaa la kwanza la mtu aliye mbali na fundi.

Mnunuzi wa fahali sokoni Bisil hamwamini mwenye mnyama kwa maneno. Hufungua mdomo akahesabu meno, humtembeza akatazama kwato, hupapasa mbavu. Gitaa la pedali nalo lipekuliwe hivyo, na wa kulipekua ni ndugu au rafiki aliyeko Marekani, ambaye atakaa nalo kabla fedha hazijatumwa. Wakenya wengi wanaishi eneo la Dallas, na eneo hilohilo hupokea mkutano wa kila mwaka wa chama cha wapigaji stili wa Texas, ambako magitaa huonwa na kujaribiwa kwa mkono.

Aende na kifaa cha kupimia sauti. Kila uzi uwekwe sawa, kisha kila pedali ikanyagwe na kuachiwa mara kadhaa. Uzi usiporudi kwenye noti yake, mtambo wa kuvuta umechakaa au umejaa uchafu. Pedali mbili za kwanza zikikanyagwa pamoja, uzi wa nne, ambao haukuguswa, utashuka kidogo kwa sababu ubao wa gitaa hupinda. Ukishuka sana, gitaa limechoka. Lipinduliwe, lipigwe picha chini, fito zihesabiwe, na nati ndogo za nailoni za kurekebishia sauti zitazamwe kama nyuzi zake za skrubu bado zinauma. Muuzaji anayekataa kupiga picha ya upande wa chini ameshajibu swali.

Likishafika, adui wa kwanza ni vumbi. Kajiado ni nchi kame, na upepo wa kiangazi huingiza vumbi hadi ndani ya kabati lililofungwa. Vumbi likichanganyika na mafuta hugeuka tope ndani ya vidole vya mtambo, vile vinavyoshika na kuvuta nyuzi, nazo nyuzi zikaanza kuchelewa kurudi. Gitaa lifunikwe kwa kitambaa kizito kila baada ya ibada. Mafuta yawe ya cherehani, tone moja pale vyuma vinapokutana, na uchafu usafishwe kabla ya tone jipya kuwekwa. Mchana wa joto na usiku wa baridi wa Bisil utayumbisha sauti, na mpigaji atazoea kuirekebisha kabla ya kila kipindi.

Nyuzi zenyewe hazipaswi kumtia mtu hofu. Uzi wa tatu, wa G kali, ndio hukatika zaidi kwa kuwa ni mwembamba na umekazwa mno. Unene wake ni inchi 0.011, na uzi wa unene huo umo katika seti ya kawaida ya gitaa la umeme inayoanzia 11. Uzi wa nne, 0.014, umo humohumo. Seti ya kawaida inayoanzia 10 ina 0.013, 0.017, 0.026 na 0.036, ambazo nazo zimo kwenye orodha ya E9. Mpigaji wa Bisil anaweza kujaza pengo kwa nyuzi za duka lolote la muziki Nairobi wakati seti kamili ikiwa njiani. Fito za kuvutia kwa kawaida ni chuma kisichoshika kutu cha unene wa karibu milimita 2.4, kazi ambayo fundi wa Kitengela mwenye mashine ya kuchonga vyuma anaiweza. Miguu na fito za pedali anaziweza pia. Kinachomshinda ni vidole vya mtambo wenyewe, na ndiyo maana hivyo vikaguliwe kabla ya kununua.

Kuna hoja moja nzito dhidi ya yote haya. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo mingi mno Kajiado, na familia zilizopoteza mifugo yao haziwezi kuambiwa kwamba shilingi laki mbili na zaidi za gitaa ni bei nafuu. Hoja hiyo ni ya haki. Jibu lake ni kutolinunua gitaa la pedali kwanza.

Lipo gitaa la mapajani, la stili lisilo na pedali, na jipya la kuanzia hupatikana kwa chini ya dola 200. Si kifaa cha kuchezea. Gitaa la umeme la kwanza kufanikiwa sokoni, lile la Rickenbacker la mwanzoni mwa miaka ya 1930, lilikuwa la aina hii hii. Mkono unaojifunza kutelezesha chuma, kukiweka juu kabisa ya mstari wa noti na kuzima nyuzi zisizohitajika, hujifunza kazi ngumu zaidi ya gitaa la pedali. Asiyeweza hayo hataokolewa na nyenzo 4. Anayeyaweza ataongeza miguu na magoti baadaye.

Na hili linaweza kutengenezwa Kajiado. Ni ubao wa mti mgumu, vifungio vya nyuzi kutoka gitaa lililovunjika, kinasa sauti cha sumaku, na urefu wa nyuzi wa karibu sentimita 57. Halina shingo inayopinda wala vipande vya chuma vya kupigilia kwa usahihi wa nywele, kwa kuwa kidole hakigusi ubao. Chuma cha kutelezesha hukatwa kwenye fito ya mviringo na kung'arishwa. Fundi wa jua kali anayetengeneza milango na vitanda Kitengela ana nusu ya vifaa tayari. Vyuo vya ufundi stadi viko chini ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013, na Serikali ya Kaunti ya Kajiado ingefanya jambo la maana kuwapa wanafunzi wa useremala na wa vyuma mradi wa pamoja wa magitaa ya mapajani kwa ajili ya shule na kwaya. Fedha zake zingebaki Kajiado, na ujuzi wa kukarabati ungekuwepo kabla gitaa la kwanza la pedali halijapita uwanja wa ndege.

Ratiba ya kwaya au chama cha Bisil inaeleweka, basi. Wachange kwanza fedha za gitaa moja la mapajani, wapigaji wawili au watatu wapokezane, na mmoja wao ateuliwe mtunzaji. Wakati huohuo wanunue pedali ya sauti na chuma kizuri, maana vyote viwili vitahamia kwenye gitaa kubwa. Wafungue akaunti ya mchango wa polepole, gitaa liandikwe kwa jina la kikundi na si la mtu, ili mpigaji akihama chombo kisihame naye. Mmoja wao akishaweza kufuata nyimbo za ibada kwa chuma bila kutoka nje ya noti, ndipo ndugu wa Dallas apigiwe simu akatafute shingo moja, pedali 3, nyenzo 4, na picha ya upande wa chini.